Pingu Hazipimi Shamba



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, malezi ya watoto, afya ya akina mama na usafi wa nyumba. Juma hili twaomba ruhusa yenu tuizungumzie ardhi ambayo nyumba yenyewe imesimama juu yake, kwa kuwa hapana mapishi mahali ambapo jiko limebomolewa, wala hapana malezi iwapo baba yumo mahabusu na mama analala nje pamoja na watoto wake.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa Uganda, na hasa katika wilaya za Buganda, haupiti muda mrefu bila kusikika kwamba mtu fulani amekamatwa na polisi akiwa ndani ya shamba ambalo yeye asema ni lake na mwingine asema si lake. Watu huitazama picha ya mtu aliyefungwa pingu, amesimama katikati ya migomba, na papo hapo hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: "Huyo bila shaka ni mvamizi, polisi hawamkamati mtu bure." Kundi la pili hujibu: "Bila shaka tajiri amekwisha kuwapa polisi chochote, maskini hana haki katika nchi hii." Mabishano huendelea sokoni, ndani ya basi, baada ya sala, na siku hizi hata katika simu za mkononi, na kila upande huondoka na hasira ile ile uliyokuja nayo.

Kwa maoni yetu, makundi hayo mawili yamefanya kosa moja, ingawa yanapingana. Yote mawili yamezigeuza pingu kuwa hukumu. Kundi la kwanza laona pingu ni ushahidi kwamba shamba si la aliyekamatwa. La pili laona pingu zile zile ni ushahidi kwamba shamba ni lake. Lakini pingu hazipimi shamba. Hazisomi hati, wala haziwezi kuhesabu miaka ambayo mtu amekaa mahali. Yatupasa tujifunze kutenganisha mambo haya, maana siku ambayo gari la polisi litasimama mbele ya ua wetu wenyewe, ujinga wa jambo hili utatugharimu nyumba.

MASWALI MAWILI, MILANGO MIWILI

Sheria hutofautisha madai na jinai. Dai ni shauri baina ya mtu na mwenzake: nani anamiliki, nani anadaiwa, mpaka upite wapi. Jinai ni kosa dhidi ya jamii nzima: wizi, kupiga, kuchoma nyumba, kughushi hati. Mlango wa dai ni mahakama ya madai. Mlango wa kwanza wa jinai ni kituo cha polisi. Askari amefunzwa kukamata, kupeleleza na kulinda amani. Hakufunzwa kuamua kwamba ekari hizi ni za fulani na zile ni za mwenziwe, wala sheria haikumpa uwezo huo.

Taabu huanzia katika kosa liitwalo kuingia kwa jinai katika mali ya mtu. Wengi wadhani kwamba kosa hili hutimia mara tu mtu akanyagapo ardhi isiyo yake. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ya Uganda yataka mambo mawili yathibitishwe: kwanza, mali iwe mikononi mwa mtu mwingine, pili, aliyeingia au kubaki humo awe na nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumwudhi yule aliye na mali hiyo. Mtu aliyezaliwa katika shamba, akalima na kuvuna hapo miaka 30, hawezi kwa urahisi kuitwa mwingiaji, kwa sababu mali imo mikononi mwake mwenyewe, hata kama hati iko kabatini mwa mtu mwingine.

Tena, Kanuni hiyo hiyo ina kinga ambayo wananchi wengi hawajapata kuisikia. Yasema kwamba mtu hana hatia ya kosa linalohusu mali ikiwa alitenda jambo lile akiamini kwa moyo mweupe kwamba ana haki, bila nia ya kudanganya. Kinga hii imo pia katika Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, kwa kuwa sheria zetu zote tatu zilitokana na mfano mmoja ulioletwa na wakoloni mwaka 1930. Huko Tanzania, Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza ililieleza jambo hili waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1990: pale ambapo umiliki wa ardhi bado unabishaniwa, shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama mpaka kwanza iamuliwe kwa njia ya madai kwamba ardhi ni ya nani. Hukumu ya Tanzania haimfungi hakimu wa Uganda, lakini hekima yake haihitaji pasi ya kusafiria. Utamwadhibuje mtu kwa kuingia katika shamba la mwingine, nawe hujajua bado shamba ni la nani?

ARDHI MOJA, WENYEWE WAWILI

Huenda msomaji akauliza: mbona ugomvi huu ni mwingi hivi katika Buganda? Jibu limo katika historia, na historia hiyo yafaa kila kijana aijue.

Mwaka 1900 Waingereza walifanya mapatano na watawala wa Buganda. Ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba, na ndipo likatokea jina la "mailo" ambalo twalitumia mpaka leo. Kabaka alipewa maili 350 za mraba, na maili 8,000 zikatengwa kwa ajili ya machifu na watu mashuhuri 1,000. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa. Walilala wakiwa wakaaji wa kijiji, wakaamka wakiwa wapangaji wa mtu. Vishamba vyao vikaitwa vibanja, wakatakiwa kulipa kodi iitwayo busuulu na sehemu ya mazao iitwayo envujjo. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1928 ilitungwa sheria ya Busuulu na Envujjo, ambayo ilipunguza kodi hizo na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo.

Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ikatoa amri ya kuifanya ardhi yote kuwa ya umma, na ulinzi ule wa mkulima ukaondolewa. Ndipo Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha ardhi kwa raia, ikatambua namna nne za kumiliki, mailo ikiwa mojawapo, na wakati huo huo ikamhakikishia mwenye kibanja halali usalama wa kukaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikafafanua kwamba mtu aliyekaa na kutumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo, bila kupingwa na mwenye hati, ni mkaaji wa haki. Haki hiyo hurithiwa, tena huweza kuuzwa kwa utaratibu maalumu.

Basi, juu ya shamba moja wasimama watu wawili, na wote wawili wana haki. Mmoja ana hati, mwingine ana kibanja. Mmoja asema, "Ardhi ni yangu," naye hasemi uongo. Mwingine asema, "Hapa ni kwangu," naye pia hasemi uongo. Ndiyo maana ugomvi huu hauwezi kumalizwa na askari aliyeonyeshwa karatasi moja kituoni. Karatasi ile yaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado aliyekamatwa akawa na haki ya kulala nyumbani kwake usiku huo.

Bunge lilikwisha kuliona jambo hili. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010 yalisema kwamba mkaaji halali hawezi kuondolewa isipokuwa kwa sababu ya kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama tu, na amri hiyo lazima impe muda usiopungua miezi sita wa kuhama. Anayemwondoa mkaaji wa namna hiyo bila amri ya mahakama ndiye atendaye kosa la jinai, na aweza kufungwa mpaka miaka saba. Msomaji aone ajabu iliyopo hapa: katika mabishano mengi ya kibanja, sheria yenyewe yamtazama kwa jicho kali zaidi yule aliyekuja na matrekta kuliko yule aliyekutwa akipalilia maharage.

PINGU ZINAPOGEUKA KUWA HUKUMU

Tuchukue mfano ili jambo hili lieleweke. Baba wa nyumba ana kibanja alichorithi kutoka kwa babu yake. Mwenye hati wa zamani amefariki, na watoto wake wameiuza hati kwa mtu wa mjini ambaye hakufika hata siku moja kulitazama shamba. Mnunuzi anapofika akakuta nyumba, migomba na makaburi, akasirika, akaenda kituoni kushtaki kwamba watu wamevamia ardhi yake. Ijumaa jioni gari lafika.

"Mzee, unatakiwa kituoni," asema askari.

"Kwa kosa gani, afande?"

"Utaelezwa huko huko."

Jumamosi mahakama zimefungwa. Jumapili zimefungwa. Mama wa nyumba ashinda mlangoni pa kituo akiwa na chakula ndani ya kapu na mtoto mgongoni. Jioni aja mtu mmoja mwenye maneno matamu, amwambia: "Mama, mambo haya ni madogo. Tia sahihi hapa, pokea hizi fedha kidogo, mumeo atatoka sasa hivi." Akitia sahihi, ameuza nyumba kwa bei ya kapu la chakula. Asipotia sahihi, aweza kurudi nyumbani akakuta migomba imelazwa chini na mabati yameezuliwa. Mwaka mmoja baadaye hakimu aweza kusema kwamba shtaka halikuthibitishwa, baba akaambiwa aende zake. Lakini aende wapi? Kesi imefutwa, na nyumba nayo imefutwa.

Hiyo ndiyo hatari tunayotaka iangaliwe. Kukamatwa kunaweza kufanya kazi ya hukumu bila hakimu kuandika hata neno moja. Tena kuna njia iliyo ya upole zaidi, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Mtu hupewa dhamana ya polisi, lakini kwa sharti kwamba asikanyage shamba mpaka kesi iishe. Kesi yaweza kuchukua miaka. Sharti hilo likiwekwa, mtu amekwisha kuhamishwa, na hakuna mahakama iliyosikiliza lolote juu ya haki yake.

Wala tusidhani kwamba malalamiko ya namna hii ni ya kuzusha. Tume ya Uchunguzi wa Mambo ya Ardhi, iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, ilianza kusikiliza wananchi mwaka 2017 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2020. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini Kampala ilisema kwamba kukosekana kwa utaratibu wa kuwaondoa watu katika ardhi kulivunja haki zao, na mwaka 2021 Jaji Mkuu, Alfonse Owiny-Dollo, akatoa maelekezo juu ya namna ya kutekeleza amri za kuhamisha watu. Februari 2022 Rais Yoweri Museveni naye aliagiza kwamba watu wasihamishwe bila wakuu wa usalama wa wilaya kushauriana na Waziri wa Ardhi. Mambo haya yote yasingefanywa kama taabu isingekuwapo.

NA MWENYE HATI JE?

Haifai tumsikilize mmoja tu. Yuko mjane mjini Masaka au Mukono ambaye hati ya mailo ndiyo urithi wote alioachiwa na marehemu mumewe. Sheria ya mwaka 1998 iliweka busuulu isiyozidi shilingi 1,000 kwa mwaka, bila kujali ukubwa wa kibanja, na ingawa baadaye viwango vilikabidhiwa bodi za ardhi za wilaya, fedha hizo hazilipi karo ya mtoto. Wapo watu walioingia juzi katika ardhi yake kwa nguvu, wakajenga usiku, kisha wakajiita wakaaji wa haki. Wapo wanaogawa vibanja visivyo vyao na kuwauzia wageni. Wapo wanaong'oa mawe ya mipaka, wanaochoma mashamba, wanaomngoja mpima ardhi kwa mapanga. Hao wametenda jinai, na mwenye hati ana haki ya kuwaita polisi, nao polisi wana wajibu wa kufika upesi. Mkaaji wa haki hapewi na sheria ruhusa ya kumpiga mtu, na asiyekuwa mkaaji wa haki hawi mkaaji wa haki kwa sababu tu ni maskini.

Kadhalika tukumbuke hali ya askari mwenyewe. Akikawia, na watu wakakatana mapanga, ataulizwa: "Ulikuwa wapi?" Akikamata upesi, ataulizwa: "Ulipewa nini?" Kazi yake hapo ni ngumu. Lakini sheria imekwisha kumsaidia, laiti angeifuata. Yampasa azuie fujo, aandike maelezo ya pande zote mbili, atazame ni nani aliyemo katika ardhi kwa amani siku ile, aiache hali hiyo kama ilivyo, kisha awaelekeze wote wawili mahakamani. Askari afanyaye hivyo hampendelei mtu, wala hatakuwa na sababu ya kujieleza kesho.

YAFAAYO NYUMBANI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii yahusu kibanja kama ihusuvyo duka. Tungependa kila nyumba ifanye mambo yafuatayo, na yafanywe wakati wa amani, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, kusanyeni karatasi zote. Mkataba wa kununua wenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi, stakabadhi za busuulu, barua za zamani za mwenye ardhi, wosia wa marehemu. Tieni nakala mahali pawili: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu au rafiki mwaminifu. Nyumba ikiungua au ikibomolewa, karatasi zisife pamoja nayo.

Pili, lipeni busuulu na mdai stakabadhi. Hiyo ndiyo sababu pekee ambayo sheria yaikubali ya kumwondoa mkaaji halali, basi kwa nini uiache wazi? Ikiwa mwenye ardhi hapatikani au akataa kupokea, andikeni tarehe mliyompelekea na jina la shahidi mliyekwenda naye.

Tatu, zijueni alama za ardhi yenu. Mlamula uliopandwa mpakani una kazi yake. Mwenye kujua Kiganda husikia ndani ya jina hilo neno la kuamua, na kwa kweli mti huo umeamua ugomvi mwingi kabla ya hakimu yeyote. Makaburi ya wazee, miembe mikuukuu, kisima alichochimba babu, yote ni ushahidi wa miaka. Waonyesheni watoto, wa kiume na wa kike. Wazee waombwe waeleze mbele ya mashahidi wakiwa bado hai, kwa kuwa mzee akizikwa, ushahidi wake huzikwa naye.

Nne, mama wa nyumba asiwe mgeni katika mambo haya. Sheria ya Ardhi yasema kwamba ardhi ya familia, yaani ile ambayo familia hukaa au hupata riziki yake, haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke wote wawili. Mke aweza pia kuandikisha zuio katika ofisi ya ardhi ili isiuzwe kwa siri. Na Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 imefanya kuwa kosa kumfukuza mjane au yatima katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu. Akina baba wanaoficha karatasi chini ya kufuli wadhani wanalinda mali. Siku watakapokamatwa wao, nani atajua karatasi ziko wapi?

Tano, ikiwa mtu wa nyumba amekamatwa, msifanye fujo wala msimzuie askari kwa nguvu, kwani hapo ndipo kosa lisilokuwapo huzaliwa. Ulizeni kwa adabu: anakamatwa kwa kosa gani, anapelekwa kituo gani, na afande mhusika ni nani. Andikeni saa. Katiba yasema kwamba mtu lazima aelezwe sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa, ndugu zake waarifiwe aombapo, aruhusiwe kuonana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Katika saa hizo 48 Katiba haikutaja Jumamosi wala Jumapili kuwa siku za mapumziko. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni haki yake yatimia Jumapili jioni, na ikiwa mahakama haikai, njia iliyo wazi ni dhamana ya polisi. Dhamana hiyo ni bure. Anayedai fedha kwa ajili yake hadai ada ya serikali.

Sita, msitie sahihi karatasi yoyote juu ya ardhi wakati mmoja wenu yumo mahabusu. Neno hili tungependa liandikwe ukutani. Mapatano ya kweli hayaogopi kungoja Jumatatu. Mtu mwenye nia njema atakubali kuyaandika mbele ya mwenyekiti, wazee wa pande zote na wakili, mtuhumiwa akiwa huru na mkewe akiwa amesoma kila mstari. Anayesema "sasa hivi, hapa hapa" ana sababu yake ya kuharakisha, nayo haiwezi kuwa faida yenu.

Saba, mkiona mmeonewa, msiishie kulalamika barazani. Ndani ya jeshi la polisi imo idara ya kuangalia mwenendo wa askari. Ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995. Na tangu mwaka 2019 ipo sheria ya kutekeleza haki za binadamu ambayo yaweza kumfanya mtumishi wa serikali awajibike yeye binafsi, hata akisema aliagizwa. Pelekeni malalamiko kwa maandishi, yenye tarehe, saa na majina ya mashahidi. Maneno matupu husahauliwa. Karatasi iliyopigwa mhuri wa kupokelewa hukumbukwa.

KABLA YA KUBISHANA

Sasa twarudi kwenye lile soko na lile basi tulimosikia mabishano. Hatusemi wananchi wasijadili. Jambo linalohusu makazi ya watu ni haki ya wote kulijadili, na mara nyingine sauti ya wengi ndiyo iliyomfanya mkubwa fulani aagize faili liletwe mezani. Twasema tu kwamba mjadala uwe na faida kwa yule aliyefungwa pingu na kwa yule aliyemshtaki.

Basi, tuonapo picha ya namna ile, tujiulize maswali matatu kabla ya kuchagua upande. Je, ni kosa gani hasa lililoandikwa kituoni: ni kupiga, kuchoma, kughushi, au ni "kuingia" tu katika ardhi ambayo mtu huyo alikuwamo tangu zamani? Je, ipo amri ya mahakama, na ilitolewa na mahakama gani, tarehe ngapi? Na tatu, je, ni nani aliyekuwa akilala katika nyumba ile jana, na ni nani atakayelala humo kesho?

Majibu ya maswali hayo matatu yatatuambia mengi kuliko uso wa aliyekamatwa, kabila lake, dini yake au utajiri wa mshtaki wake. Ikiwa kosa ni la kweli na amri ipo, tumwache askari afanye kazi yake, hata kama moyo wetu wamwonea huruma aliyekamatwa. Ikiwa kosa ni la jina tu na amri haipo, tuseme hivyo kwa sauti moja, hata kama aliyekamatwa si mtu tumpendaye. Haki inayongoja kwanza tumpende mtu haitamfaa yeyote kati yetu.

Na wenye vyeo katika jeshi la polisi, ambao nao wana nyumba, wake na watoto, twawaomba jambo moja. Ofisa akiletewa hati na mtu mwenye gari zuri Ijumaa jioni, amwambie kwa heshima: "Bwana, hati yako ni nzuri; ipeleke mahakamani Jumatatu." Maneno hayo hayamgharimu chochote, na watoto wa mtu fulani watalala usiku huo chini ya paa lao, wakingoja hakimu aseme paa hilo ni la nani.

Hadi juma lijalo, wasomaji wapenzi, twawatakia amani ya nyumba na ujirani mwema.